Jinsi ya Kumpaka Farasi Rangi Gilgil Asiitwe Punda

Kwanza, usiingie hadiwea ukaomba "rangi ya mafuta". Utabebeshwa kopo la lita 4 la kupaka geti, na farasi wako wa sanamu atang'aa kama lango la mheshimiwa. Unayoitaka ni ya wachoraji, ya tyubu ndogo mithili ya dawa ya meno, iliyosagwa kwa mafuta ya kitani. Panda matatu uifuate Nairobi. Nauli itakuzoesha hasara zijazo.

Sanamu yenyewe ioshe kwa sabuni, ipitishie msasa laini, uipake praima. Kisha nenda ukasimame kando ya kiwanja cha polo umtazame farasi mwenye pumzi. Wengi huruka hatua hii, ndiyo maana farasi wao hufanana na punda wa kubeba maji aliyepandishwa cheo. Mwangalie yule wa hudhurungi: mkia mweusi, miguu myeusi, lakini weusi haukatiki gotini kama soksi, unafifia ukipanda. Mwangalie na yule mnayemwita mweupe. Ngozi ya puani ni nyeusi! Alizaliwa na rangi yake, mvi zikamwingia mwaka baada ya mwaka kama sisi, ila yeye hapaki piko.

Sasa paka. Rangi iwe kidogo kiasi cha kukutia aibu, uitandaze, halafu kwa brashi kavu usugue mipaka mpaka usijue hudhurungi iliishia wapi. Baada ya hapo, subiri. Rangi hii haikauki kama nguo kambani. Mafuta yanavuta oksijeni hewani na kuganda polepole. Kahawia ya udongo huwahi. Nyeusi inaweza kukuweka wiki nzima, na wiki hiyo ndiyo shemeji atakuja, aulize, "Hii imekauka?" huku kidole gumba kikiwa tayari pajani mwa farasi. Wangu bado ana alama hiyo. Nikiulizwa, nasema ni chapa ya mwenye mifugo.

Vumbi nalo usipigane nalo. Hapo Kariandusi huchimbwa diatomaiti, unga mweupe wa magamba ya mwani wa ziwa la kale, na viwanda huutia kwenye rangi ili kupunguza mng'ao. Wewe fungua dirisha tu, upepo wa Gilgil hauhitaji kiwanda. Ukimwacha mweusi asubuhi ukamkuta kijivu jioni, mwite mzee, uendelee na tabaka la pili.

Siku ya kumweka barazani, mpita njia atasimama akuulize punda huyu ni pesa ngapi. Mtajie bei ya farasi.