Nyumba Isiyo na Silingi

Wewe mwenye familia utanielewa: nyumba ikishaezekwa tu, watu wanahamia. Silingi itakuja Mungu akipenda. Ndivyo tulivyohamia yetu hapa Buseresere, kuta za ndani zimeishia kwenye lenta, juu bati tupu. Neno ukilisema chumbani linapanda, linagonga bati, linateremkia sebuleni alikokaa mama mkwe wangu, Bibi Redio.

Mapacha wetu wakazidisha. Kulwa akisema "uji umepoa", Doto naye "umepoa", bati linamalizia. Dada yao wa kidato cha tatu, Profesa, anatufundisha tukiwa mezani: sauti hewani hukimbia kama mita 340 kwa sekunde, na ili sikio lipate mwangwi uliojitenga, ukuta uwe mbali walau mita 17. Sebule yetu haifiki hata nusu yake, kwa hiyo sauti zinapandiana. Ukimwita mtoto mmoja wanaitika wote, au haitiki hata mmoja.

Shemeji yangu, Fundi Eko, haoni tatizo. Kanisani yeye ndiye mshika miksa, na mhubiri akianza tu, anaongeza eko mpaka amina moja inazunguka ukumbi mzima. Ndiyo maana Bibi Redio alipoambiwa kule Bugando, Mwanza, kwamba moyo wake upimwe eko, aligoma: "Spika za huyu kijana kifuani mwangu? Sitaki!" Profesa akamtuliza: mashine inapeleka sauti isiyosikika kwa sikio, inagonga kuta za moyo, inarudi, na kwa kurudi kwake inachorwa picha ya moyo ukidunda. Bibi akapakwa jeli ya baridi, akatoka anajisifu kwamba moyo wake umeonyeshwa kwenye televisheni.

Sasa sikia. Usiku mmoja Mama Kulwa akaninong'oneza kwamba kikoba kimevunjwa, mgawo wake anao. Nje makarasha yalikuwa yananguruma, yanasaga mawe ya dhahabu, tukajua tumefichika. Kulipokucha Doto anaimba uani: "Mama ana hela ya kikoba!" Chai haijachemka, Fundi Eko yuko mlangoni na habari za duara la dhahabu lililo karibu kutema, limebakiza mchango kidogo tu.

Mama Kulwa hakubishana. Alipanda bodaboda mpaka Katoro, akarudi na mapazia mazito na zulia, nyuma yake toyo limebeba bodi za jipsamu. Aliyeshika ngazi wakati fundi anapigilia ni Fundi Eko mwenyewe, kanuna. Profesa akatangaza kwamba vitu laini humeza sauti, na kweli zilimezwa.

Hatukumaliza wiki. Bibi Redio akaitisha kikao: humu ndani anafichwa mambo, na mtu mzima hafichwi. Kuanzia leo milango ya vyumba vyote iachwe wazi usiku kucha. Mwenzangu, mama mkwe akishatamka, wewe ungefanyaje? Iko wazi.