Namna ya Kufuga Mbwa Mkali Kakamega Bila Kufikishwa Kortini

Kwanza, acha kumsifia. Umefuga mbwa wako pale Amalemba, ukamwita Simba, na kila mkikaa na wenzako unawasimulia jinsi alivyomrarulia fundi wa maji suruali. Wanacheka. Siku Simba atakapomuuma mtoto wa jirani, haohao ndio watakaoitwa kueleza mbele ya hakimu kwamba ulijua. Sheria tuliyorithi kwa Waingereza huanzia hapo: je, mwenye mnyama alifahamu kwamba ana tabia ya kuuma? Kama ulifahamu, dhima ni yako. Kama hukufahamu, bado unaweza kudaiwa fidia kwa uzembe, kwa hiyo usikimbilie kusema, "Hajawahi kuuma mtu."

Pili, pesa za kibao nunua kufuli. Pita mitaa yetu uone: kibao kipya cha MBWA KALI, herufi nyekundu, kimening'inizwa kwenye geti ambalo komeo lake limekatika na kufungwa kwa kipande cha waya. Kibao kinamwonya mgeni anayejua kusoma. Mtoto wa miaka minne aliyefuata mpira wake hasomi, na hakimu akikiona kibao hicho atajua tu kwamba ukali wa mbwa ulikuwa habari uliyokuwa nayo. Kuna pia kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomfanya kuwa mkosaji mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Hiyo ni jinai, ndugu yangu, si ugomvi wa majirani.

Haya, ameuma. Hapa ndipo wenye mbwa wengi hutoa hotuba: alichokozwa, alikuwa anacheza, huyo mtoto naye mtundu. Hotuba iache. Shika sabuni ya kipande, fungulia maji, na kioshe kidonda kwa dakika 15 kamili, maji yakitiririka, hata mtoto akilia. Usipake pilipili wala mafuta ya gari, wala unyoya wa mbwa uliochomwa. Virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwa mate. Sabuni huviua vingi vikiwa bado kidondani. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa, na hospitali haina la kufanya zaidi ya kumpunguzia mateso. Inakadiriwa kwamba Kenya hupoteza watu wapatao 2,000 kila mwaka kwa ugonjwa huu, nao una chanjo. Hilo linaniuma kuliko kesi yoyote.

Kisha panda boda pamoja na mama wa mtoto hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, na nauli ulipe wewe. Ratiba iliyozoeleka ni sindano 5: siku ya kwanza, halafu siku ya 3, 7, 14 na 28 baada yake. Kidonda kirefu huhitaji pia kingamwili zinazodungwa palepale kilipo. Dozi zikikosekana hospitali ya umma, zitafute kwenye duka la dawa na ulipie. Familia nyingi huanza vizuri, kisha nauli inakwisha baada ya sindano ya pili. Ziandike tarehe hizo kwenye simu yako mwenyewe. Mtoto ni wao, lakini meno yalikuwa ya mbwa wako.

Vijana wakija na marungu, wazuie. Mbwa aliye hai afungwe na kuchunguzwa kwa siku 10. Akibaki mzima mpaka mwisho, hakuwa na virusi mateni siku aliyouma. Mwite daktari wa mifugo mapema, naye atakuomba kadi ya chanjo. Mbwa huchanjwa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Kama kadi huna, utakuwa na mengi ya kueleza. Leseni za mbwa ni kazi ya kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na kisingizio kwamba Nairobi haijatuma mtu hakisimami.

Liguru, yaani mzee wa kijiji, akiwaita muelewane, nenda, na uende na heshima. Kuku na pole vinapoza mioyo, nami nayaheshimu mapatano ya wazee. Ila yaandikwe, yataje gharama zote za matibabu mpaka sindano ya mwisho, na yasitumike kumzuia mama asiende polisi kuandikisha kwenye kitabu cha matukio (OB). Asiporidhika, ana miaka mitatu ya kukudai fidia kwa uzembe, na Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai ya majeraha yasiyozidi shilingi milioni moja. Halazimiki kuwa na wakili. Atahitaji risiti za hospitali, picha za kidonda, na wale wenzako uliowasimulia habari za suruali ya fundi.