Petroli Ilipoadimika Gasenyi

Jirani yangu ana Probox, na kwa miaka mingi maongezi yetu yalikuwa ya honi: yeye akipiga, mimi naruka mfereji. Burundi tunaendesha kulia, lakini magari mengi huletwa yakiwa na usukani kulia pia, hivyo dereva hukaa upande ule ule wa mfereji. Alikuwa akinipigia honi huku tunatazamana macho kwa macho. Adabu ilidai tusalimiane, na tulisalimiana, mimi nikiwa ndani ya mfereji.

Kisha petroli ikaadimika. Magari yakalala foleni vituoni, na kuku wa jirani wakahamia chini ya Probox. Pikipiki na bajaji hazikumfaa sana, kwani tangu Machi 2022 vyombo hivyo, pamoja na baiskeli, vilikuwa vimezuiwa kuingia katikati ya Bujumbura. Mzee huyo jirani akatoa viatu vya harusi kabatini, akanifuata kwa miguu.

Gasenyi, mtaa wetu, si porini, jamani. Ikulu ya Ntare Rushatsi, iliyojengwa na Wachina na kukabidhiwa mwaka 2019, iko huku huku kwetu. Lakini ukiingia vichochoroni, njia ya mwenda kwa miguu imechorwa na mvua. Maji hushuka kutoka milimani na mawe yake na udongo wake, yakaweka kila kitu yanapotaka yenyewe. Yaliyobaki yamechorwa na wenye nyumba: kila mmoja amejijengea kidaraja chake juu ya mfereji, huyu bamba la zege, yule mbao mbili, na hakuna viwili vyenye kimo kimoja. Sisi wenyeji tunapanda na kushuka bila kufikiri, kwa magoti yaliyokwisha kukata tamaa.

Mzee hakuwa na magoti hayo. Aliona ubao mpana, akaukanyaga kwa heshima zote. Ncha ya pili ikainuka na beseni zima la ndagala, dagaa wetu; wakaruka, wakatua begani mwake, mfukoni na ndani ya mkoba wa nyaraka.

“Mzee wangu,” akasema mama mwenye ndagala, “huu si wa kupita. Hii ni meza.”

“Na njia iko wapi, mama?”

“Njia umeikanyaga jana na gari.”

Alilipa ndagala wote, hata wale waliookotwa. Kazini, nasikia, paka wa mlinzi alimpenda sana siku ile.

Tangu hapo akageuka mhubiri. Jioni alitukalisha na kutueleza Kigali ilivyofunga barabara moja ya katikati ya mji mwaka 2015 magari yasipite, watu wakatembea na kupumzika kwenye mabenchi. Mimi mabenchi sikuyataka. Nani akae Gasenyi na jua hili? Lakini aliposimulia Dar es Salaam nilimsikiliza. Huko kuna mpango uitwao SARSAI: matuta, alama na njia za miguu karibu na shule, mahali watoto wanapovuka. Kazi ndogo, fedha si nyingi, na mwaka 2019 ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji. Tuta moja mbele ya shule na bamba la zege linaloendelea bila kukatika: hayo nayaelewa hata bila mkutano. Mzee aliitisha mkutano vilevile. Akaanza kusema “sisi waenda kwa miguu”, na kwenye kazi za jamii za Jumamosi asubuhi akashika koleo kuliko vijana.

Petroli ikafika usiku mmoja. Mzee alilala kituoni, akarudi na tangi nusu, kuku wakafukuzwa. Asubuhi nikasikia honi mgongoni. Kioo kikashuka.

“Dada yangu, tembea pembeni!”

“Pembeni wapi, mzee?”

“Si pale tulipokuwa tunapita!” akasema, akakanyaga mafuta.