Injini Haijawahi Kufunguliwa

Ukitaka kununua pikipiki kuukuu na hujawahi kumiliki hata moja, anza kwa kuipenda kabla hujaiona. Picha ya simu inatosha: imepigwa jioni, jua limelala juu ya tangi, na ubavu wenye mikwaruzo umegeuziwa ukutani. Usiku huo piga hesabu ya mafuta kutoka Mbagala hadi Posta, toa nauli ya daladala, na ukiona chombo kitarudisha pesa yake ndani ya miezi saba, funga daftari. Tairi, cheni na fundi havimo kwenye hesabu hiyo. Usiviingize, vitaiharibu.

Kuitazama nenda jioni, peke yako, pesa mfukoni. Wapo watakaokushauri uende asubuhi, bila taarifa, pamoja na fundi. Hao hawapendi maendeleo ya watu. Fundi ana tabia mbaya: kabla pikipiki haijawashwa, huiwekea injini kiganja kama mama anayempima mtoto homa. Akiikuta ya moto, anajua imeshaamshwa kabla hujafika, maana ikiwa baridi inataka kiki ishirini na dua. Wewe usiguse. Itawaka kwa kiki moja, na kiki hiyo utawasimulia watu mpaka utakapoijua nyingine.

Moshi wa bluu ukitoka, ni oili inaungua: ringi zimechoka, au sili za valvu. Muuzaji atakwambia, “Kaka, ni kwa sababu imekaa muda mrefu.” Dakika tano nyuma alikwambia anaendea kazini kila siku. Yaamini yote mawili.

Kisha atalitamka neno lenyewe: “Injini haijawahi kufunguliwa.” Hapo tazama mawingu. Usizitazame bolti za kava, ambazo pembe zake zimeliwa na spana hadi zimekuwa duara kama shanga, wala ile silikoni nyekundu iliyofurika kwenye maungio. Pengine injini ilijifungua yenyewe, usiku, watu wamelala.

Atakutajia na ukoo. Mikweche mingi ya mjini hudai undugu na Honda CG125, hata ile ambayo jina la tangi limeshafutika. Ukoo wenyewe, nisikudanganye, ni wa heshima. Honda waliitoa mwaka 1976, wakiwafikiria watu ambao pikipiki yao inabeba mizigo kila siku na oili inabadilishwa siku mtu akikumbuka. Ndani hawakuweka cheni ya taimingi. Valvu zinasukumwa na vijiti, na fundi wa chini ya mwembe anaimudu kwa spana chache. Viwanda vya China vikaiga injini hiyo, vikaisambaza, na ndiyo maana vipuri vyake si vya kutafuta kwa tochi. Kwa anayeanza, si chaguo baya hata kidogo. Ubaya wake ni uvumilivu. Injini hii hutembea ikiwa mgonjwa, inakohoa huku inapanda mlima, nawe unadhani ni nzima.

Kilomita zisikusumbue. Saa itasoma elfu kumi na nane, na kebo yake imekatika, inaning'inia karibu na gurudumu la mbele kama kamba ya mbuzi aliyetoroka. Mpira wa kukanyagia umelika ukawa laini kama sabuni ya jana, lakini mpira hauna tarakimu.

Kadi ipo. Jina lililo kwenye kadi ni la mtu aliyemuuzia mtu aliyemuuzia huyu, naye amehamia Songea na simu yake haipatikani. Usifute tope kwenye shingo ya fremu ukalinganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi. Utaonekana humwamini mwenzio. Wala usiulizie deni la faini. Deni hufuata namba ya pikipiki, kwa hiyo mbio za mwenzako utazilipia wewe, taratibu.

Yangu niliinunua laki saba na nusu. Nilipewa na helmeti ya bure, ambayo sponji yake ya ndani iliondoka na mwenye kadi. Karibu na Mtoni kwa Aziz Ally cheni iliruka, nikaisukuma hadi kwa fundi wa kwanza niliyemwona, mzee aliyeketi juu ya ndoo ya oili.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.” Hakuinama wala hakugusa kitu. Akageuka nyuma, akamwita kijana wake: “Wewe, lete spana kumi na nne. Ile yetu imerudi.”