Sifa za Sisimizi, Mtumishi wa Umma

Simba amesifiwa, nyuki amesifiwa, hata fahali wa boma ana majina yake ya kutambiwa. Sisimizi wa jikoni hajapata neno la heshima. Hapa Suna, kwa watu wa pakruok, yale majigambo ambapo mtu hujimwagia sifa hadi meza ya pili inyamaze, hiyo ni aibu. Kwa kuwa sisimizi mwenyewe si mtu wa majigambo, na kwa kuwa amekula kwangu muda mrefu kuliko ndugu yeyote, leo namsemea mimi.

Sifa ndogondogo tuzipite haraka. Anawahi kazini: tone la uji likidondoka usiku, kukipambazuka mstari umeshapangwa. Hana kabila wala chama. Sukari ya Awendo na ile iliyovuka mpaka wa Sirare gizani, kwake zote ni sukari. Anajua kufunga faili: kila anayerudi kutoka penye chakula huacha harufu njiani ili wenzake waifuate, na chakula kikiisha hakuna wa kuiongeza, harufu hufifia, kazi imekwisha. Haiundwi tume ya kuchunguza harufu ilikwenda wapi. Na kuhusu jinsia, wafanyakazi wote unaowaona ukutani ni wa kike. Ile kanuni ya theluthi mbili iliyowashinda wabunge wetu tangu Katiba ya 2010, wao wameivunja kwa upande ambao hakuna aliyeutarajia.

Mahakamani pia jamaa zake wana hadhi. Mei 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au miezi 12 jela, kwa biashara ya kutorosha chungu. Wawili kati yao, vijana wa Ubelgiji, walikuwa wamekamatwa Naivasha na malkia karibu 5,000 ndani ya vichupa vilivyotiwa pamba. Wale ni chungu wakubwa wavunao mbegu, si hawa wangu wadogo, lakini ukoo ni ukoo. Mimi nimepiga foleni katika afisi nyingi nikiwa na kitambulisho halisi mkononi, na hakuna aliyewahi kuniwekea pamba.

Haya yote ni ya utangulizi. Sifa kuu ya sisimizi ni kwamba ana matumbo mawili.

La mbele ni la jamii, la nyuma ni lake. Akinywa chai yako iliyomwagika, utamu wote huingia kwanza lile la mbele, akaubeba hadi nyumbani. Akikutana na mwenzake mwenye njaa, hupapasana, wakakutanisha vinywa, akamtemea tone. Yule aliyepewa naye humpa mwingine, na mwingine, mpaka malkia na watoto ambao hawajawahi kuliona jiko lako wapate fungu lao. Kati ya matumbo hayo mawili kuna kilango chembamba. Kinapitisha kiasi kidogo tu kwenda la nyuma, cha kumtia mwenyewe nguvu za safari nyingine. Kilichobaki ni cha umma.

Tafakari hapo, msomaji. Hazina ya umma na mfuko wa mtu binafsi vimo katika kiwiliwili kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, na kilango kilicho katikati kinafanya kazi! Hakuna Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anayekichungulia. Hakuna kamati ya kuwahoji wenye matumbo mbele ya kamera. Sisi tulianza ugatuzi mwaka 2013. Tulipewa kaunti 47, na kila kaunti gavana wake, bunge lake, mawaziri wake na magari yake, ili utamu ushuke mashinani. Vyote vimepatikana isipokuwa kilango. Kwetu tumbo la mbele na la nyuma yameungana, na ukimpapasa mwenye nalo ukiwa na njaa, huambiwi fungua kinywa. Unaambiwa uje Jumatatu. Ningemwalika sisimizi awafundishe katika warsha, lakini yeye hatadai marupurupu, na warsha isiyo na marupurupu haijawahi kupata washiriki nchini.

Majirani zangu wa ploti hawauoni utukufu huu. Kila mmoja ana dawa na kila dawa ina shahidi. Wa mlango wa kwanza alileta majivu, nikayazungushia miguu ya meza. Yakakaa hadi mtoto alipofagia. Mwingine aliapa kwa mafuta ya taa, na sisimizi walipoondoka chai yetu nayo ikanuka taa. Chumvi waliizunguka. Pilipili ilitupigisha chafya sisi. Kutia miguu ya kabati katika mikebe ya maji ni dawa kweli, mpaka kitambaa kining'inie na kugeuka daraja. Siki au maji ya sabuni huua anayeonekana na kufuta harufu ya njia, kwa hiyo mstari hupotea kwa muda. Walio shimoni hawajapata hata taarifa.

Dawa inayomfikia malkia ni asidi ya boriki, chembe kidogo katika maji ya sukari, mbali na mkono wa mtoto. Iwe kidogo, kwa sababu ikizidi mbebaji atafia njiani. Sisimizi anaitia katika tumbo la jamii, anawagawia wote kwa uaminifu, na uaminifu huo ndio unaowamaliza. Dawa hiyohiyo ingetiwa katika bajeti fulani ninazozijua, angeumwa tumbo mtu mmoja. Mashinani hatungepata hata kichefuchefu.

Sitaendelea kusifu kana kwamba nina amani. Nimechoka! Wamo kwenye mkebe wa sukari, wamo kwenye soketi, wamo kwenye maziwa. Mvua kubwa zikianza wanahamia ndani na jamaa zao wote. Stima ikipotea usiku, mtoto analia, tunamulika kwa simu, wamejaa shingoni mwake. Hakuna kilango cha tumbo kinachonifariji saa hiyo.

Asubuhi moja niliwafuata. Kundi lilikuwa limebeba kichwa cha omena, wengine wakivuta, wengine wakisukuma, wakipanda ukuta taratibu na kupita kando ya kalenda hadi kwenye ufa ulio juu ya soketi. Ufa huo ninaujua. Nilipohamia ulikuwa uzi, sasa unaingiza kidole. Mwenye nyumba husema fundi yuko njiani. Kodi ikichelewa, msimamizi wake hayuko njiani, yuko mlangoni. Ng'ambo ya ufa ndiyo jaa: maganda, nepi, vichwa vya samaki. Afisi inayopaswa kulizoa inazo risiti zetu, ina vazi rasmi la kazi na ina mabango yenye picha ya mkubwa akishika reki. Kinachokosekana kila mwezi ni lori. Kwa haki kabisa, sisimizi ndio pekee wanaozoa taka nyuma ya nyumba yetu. Kosa lao ni kuzipitishia jikoni.

Basi mashtaka dhidi yao nayaondoa, boriki naiacha pale ilipo, na kesi naihamishia kwa wenye saruji na wenye lori. Nawe msomaji, uchaguzi wa 2027 ukikaribia na mgombea abishe mlangoni kwako, chama chake usimwulize. Mwulize ana matumbo mangapi, kisha mwonyeshe ufa.