Pua Zinazosikia

Mwanafunzi wa Malindi akisikia harufu ya samaki wa kukaanga, kisha akaandika kwa Kiingereza kwamba ameisikia kwa "hear", daftari hurudi limejaa wino mwekundu. Harufu ina "smell" yake, baridi na njaa zina "feel". "Hear" ni mali ya masikio. Mwalimu hajakosea, sheria ndiyo hiyo. Ila Mswahili husikia kelele, harufu, baridi, njaa, hata usingizi, na hajalala na njaa kwa sababu hiyo.

Basi mwanafunzi wetu na ashuke ufukweni. Waitaliano waliizoea pwani hii tangu miaka ya 1960, mradi wao wa anga wa San Marco ulipotia nanga Ngomeni. Mwaka 1967 wakarusha setilaiti kutoka jukwaa la baharini. Watalii wakafuata, na wauza vinyago wakaokota Kitaliano mchangani, bila darasa wala kiboko. Na Kitaliano kina "sentire": kelele ni "sentire", harufu ni "sentire", baridi vilevile. Kijana aliyeanguka Kiingereza anasikia kila kitu kwa Kitaliano safi, na biashara inakwenda.

Halafu kuna "lend" na "borrow". Kiswahili kina kuazima, kitenzi kimoja kinachowatosha mtoaji na mpokeaji. Mwingereza amewatenganisha, labda ili ijulikane mdeni ni nani. Kule Kilifi aliyeazimwa panga hahitaji kitenzi cha pili: anajua fika liko nyumba gani, na lina miezi mingapi huko.