Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mbunifu wa Violezo

Kwa Mheshimiwa Sana, Mtukufu Mbunifu Mkuu wa Violezo vya Tovuti za Wanablogu wa Video,
Popote ulipo, kwa kuwa hukupendezwa kuandika anwani.

Shikamoo, Mheshimiwa. Shikamoo tena kwa niaba ya wazee wa hapa Pangani, ambao hawajapata bahati ya kukujua ila wamekwisha kukutumikia kwa bando zao.

YAH: OMBI LA KUMILIKISHWA VIWANJA VIWILI VYEUSI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, kwa heshima na taadhima, napenda kukushukuru kwa kukubali dola zangu. Ukurasa wako wa maonyesho ndio ulionivuta: kijana mwenye meno meupe akiteleza juu ya mawimbi, kamera ya angani ikimfuata kwa nyuma, kando yake kikombe cha kahawa kilichochorwa jani juu ya povu. Nikajua nimefika. Mimi, Mheshimiwa, hurekodi mafundi wa ngalawa. Hurekodi tezo likichonga gogo la mwembe, matengo yakifungwa ubavuni, tanga likipandishwa. Povu tunalo pia, ila ni la bahari, na hakuna aliyewahi kulichora jani.

Nilipokipakia kiolezo, kijana yule hakuja nacho. Mahali pake nilikuta mraba wa kijivu na chini yake maandishi ya Kilatini, nikayasoma kwa sauti. Mjomba wangu, mvuvi mcha Mungu, alinyamaza kwa adabu mpaka nilipofika mwisho, akauliza kama aitikie amina. Nilimweleza kwamba ni maneno ya Cicero, mwanafalsafa wa Roma, ya mwaka 45 kabla ya Kristo, yaliyokatwakatwa hadi yakapoteza maana ili yajaze nafasi tu. Akasema basi huyo mwenye kiolezo ni msomi. Nami nikaona fahari kwa ajili yako.

Nakushukuru pia kwa video kubwa ya juu, ile inayojicheza yenyewe mtu anapofungua tu ukurasa. Tangu 2018, Chrome ilipoanza kuzuia video zinazojicheza kwa sauti, hekima yako imekuwa kuiacha ijicheze kimya. Hivyo fundi wangu, anayeeleza kwa kirefu namna ya kuziba ufa kabla ngalawa haijaua watu, huonekana akifungua na kufumba kinywa kwa utulivu mkubwa. Bando la mtazamaji huliwa vilevile, kama mgeni anayekula bila kusalimia. Lakini sisi hatulalamiki. Mtu wa huku akinunua megabaiti za shilingi mia tano huwa hana hakika azitumie wapi, na wewe umemwondolea mashaka hayo.

Vitufe vyako vyote ni vya Kiingereza. Niliambiwa kwamba mbunifu akiyaacha maneno yawe huru kutafsiriwa, kazi ya kuyatia Kiswahili ni ya jioni moja. Wewe uliyagandisha ndani ya msimbo wenyewe, bila shaka ili kutuepusha na uchovu wa jioni hiyo. Nilithubutu kuyabadilisha kwa mkono, kwani WordPress, mfumo unaoendesha tovuti yangu, uliozaliwa 2003, hutolewa bure pamoja na msimbo wake na mtu yeyote anaruhusiwa kuuchokonoa. Likaja sasisho lako usiku, likarudisha Kiingereza chote mahali pake. Nilipokea karipio hilo kwa unyenyekevu.

Kuhusu huduma kwa wateja, ile ya miezi sita, sina budi kukiri ukarimu wako. Kila nilipoandika nilijibiwa papo hapo, na mashine, kwamba suala langu ni muhimu sana. Miezi sita imekwisha nami nikiwa bado muhimu.

Sasa niruhusu, Mtukufu, nifike kwenye ombi.

Mlingoti wa ngalawa ni mrefu, na simu yangu huishika wima, kama wanavyoishika karibu wote ninaowafahamu. Hata YouTube ilianza kufungulia video fupi za wima mlango wao wenyewe mwaka 2020. Wewe hukutikisika, nami najua msimamo ni sifa ya wakuu. Fremu yako ni ya 16 kwa 9, na hapo ndipo ilipo. Video yangu ya 9 kwa 16 ikiwekwa ndani yake husimama katikati, imebanwa, ikichukua chini ya theluthi ya eneo. Nimepiga hesabu: asilimia 68 ya kila video ninayoweka ni giza, nusu yake kushoto na nusu kulia.

Awali nilisononeka, kisha nikafikiri. Ngalawa ina tengo kila upande, na simu yangu ikiwa wima matengo yote mawili hukatwa. Giza lako limekaa palepale matengo yalipotakiwa kuwa. Kumbe uliyatengea nafasi, ukaona haya kusema!

Hivyo basi naomba kwa unyenyekevu unimilikishe maeneo hayo mawili. Naomba barua ya toleo, na kisha hati ya miaka 99, nikielewa fika kwamba hiyo ni mirefu kidogo kuliko miezi sita. Tafadhali mtume mpimaji aje aweke vigingi, kimoja kwenye kila kona ya giza, na asisahau njia ya kupita kati ya kiwanja na kiwanja, maana hapo katikati kuna fundi anafanya kazi. Kodi ya ardhi nitailipa. Kiwanja cha kushoto fundi ataegesha matengo. Cha kulia mjomba ameomba aanike dagaa, kwa sharti kwamba siku utakapoyawasha maeneo hayo utamjulisha mapema ili aanue.

Endapo ombi hili litakuwa zito, nitaridhika na kijana wa mawimbi. Mlete. Tuna kazi ya kuvuta ngalawa hadi majini Jumamosi, na meno yake hayatatudhuru.

Natanguliza shukrani kwa jibu la mashine yako.

Wako mtiifu sana,
Mteja muhimu, Pangani